Msichana Aliyeishia Getini

Ilikuwa saa moja na dakika arobaini asubuhi, na geti la shule lilikuwa na fujo yake ya kila siku: magari yameegeshwa hovyo, wazazi wana haraka, kuna mtoto analia kwa sababu kasahau daftari. Nilikuwa nimechutama namfunga mwanangu kamba za viatu nilipowaona.

Mbele mvulana wa kama miaka saba, sare yake imepigwa pasi ikanyooka. Nyuma yake msichana wa miaka kumi na miwili hivi, begi la yule mvulana liko mgongoni kwake, chupa ya maji ya yule mvulana iko mkononi mwake. Walipofika getini msichana alipiga magoti, akamvika begi, akamweka sawa kola, akampangusa kitu shavuni kwa kidole gumba. Mvulana akachomoka mbio kuingia ndani.

Yeye akageuka, akarudi walikotoka.

Mlinzi alimpungia mkono kwa mazoea. Hakuna aliyegeuza shingo, na mimi nisingegeuza kama si mwanangu, ambaye bado hajajifunza kunong'ona: "Mama, mbona yule dada haingii?"

"Yeye anasoma shule nyingine," nikamjibu.

Sikuwa najua chochote. Nilisema hivyo ili kiatu kifungwe na siku iendelee.

Hakuchungulia uzioni

Wiki tatu zilizofuata nilimwona karibu kila asubuhi. Hadithi za namna hii zina picha yake maarufu: mtoto kashika waya wa uzio, anawatazama wenzake wakiimba mstarini, machozi yanamlengalenga. Nakiri nilimsubiri afanye hivyo, maana ingenirahisishia mambo. Hakufanya. Akishamkabidhi mdogo wake begi aliondoka upesi, kwa hatua za mtu mzima anayejua kinachomsubiri nyumbani. Siku ya mvua kubwa walikuja na mwavuli mmoja. Aliyefika mkavu ni mvulana.

Mama wa yule mvulana nilikutana naye kwenye kikao cha wazazi. Ni mtu mwema, na nalisema hili mapema kwa sababu makala za aina hii hupenda kuwa na mtu mbaya, na mimi nilimtafuta nikamkosa. Nilimuuliza kama yule binti anayemleta kijana wake naye ni wake.

"Ni mtoto wa kaka yangu. Nimemchukua nimsaidie, maana kwao hali ni ngumu, dada yangu, na wako wengi."

"Anasoma wapi?"

"Atasoma. Mwaka huu tumechelewa tu." Akanyamaza kidogo. "Na kwa sasa ananisaidia sana. Mimi natoka alfajiri, narudi giza limeingia. Bila yeye sijui ningefanyaje."

*Nimsaidie. Ananisaidia.*

Kitenzi kilekile, kimegeuka tu njiani, na mwenyewe hakusikia kilipogeuka. Wala mimi sikusikia palepale. Nilikisikia usiku, nikiwa nimelala chali natazama dari.

Hesabu ambayo sikuwahi kuipiga

Nyumba niliyokulia ilikuwa na dada. Ndivyo tulivyomwita, Dada, kana kwamba ni jina. Ndiye aliyenipigia pasi sare, ndiye aliyenisubiri nirudi, ndiye aliyenikagua daftari kuona kama kuna alama nyekundu, ingawa hakujua alama zile zilisema nini. Nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Bado nampenda.

Usiku ule ndipo nilipoipiga hesabu kwa mara ya kwanza. Mimi nilipokuwa darasa la kwanza, Dada hakuwa amezidi miaka kumi na mitatu.

Kumi na mitatu!

Kichwani mwangu, miaka yote hii, alikuwa mtu mzima. Mtoto haoni umri wa anayemlea. Anaona tu kimo. Aliondoka nilipokuwa nakaribia kumaliza shule ya msingi, na hakuna aliyetueleza alikwenda wapi. Jina la baba yake silijui. Nikitaka kumtafuta leo, sina pa kuanzia, na mtu huyu ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

Ndiyo maana swali la mwanangu liligoma kuondoka. Halikuwa swali la mama mwingine peke yake.

Neno "ajira" linatuponza

Nilianza kusoma, kama tufanyavyo tunapoogopa kuchukua hatua. Na jambo la kwanza lililonikera ni neno letu wenyewe. Tunasema "ajira ya watoto", nalo neno ajira linaleta kichwani mwajiri, mshahara, labda kiwanda chenye moshi na msimamizi mkali. Ukiwa na picha hiyo, unaweza kuishi nyumba moja na mtoto anayetumikishwa usimwone, maana yeye hana mshahara, na "mwajiri" wake ni shangazi anayemwombea dua kila usiku.

Makadirio ambayo Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliyatoa pamoja na UNICEF kuhusu mwaka 2020 yalisema asilimia 72 ya watoto wanaotumikishwa hufanya kazi ndani ya familia, wengi wakiwa kwenye mashamba au shughuli ndogo za nyumbani kwao. Kiwanda ni sehemu ndogo. Kwa mwaka 2024, kilimo peke yake kilibeba asilimia 61 ya watoto hao wote. Mtoto wa leo anayetumikishwa yuko shambani au machungani kuliko alivyo kwenye mashine, na anayemwamrisha mara nyingi ni mtu anayemwita baba, mjomba au bibi.

Neno "utumikishwaji" ni bora, ingawa ni zito mdomoni. Linauliza swali sahihi: huyu anatumika kwa faida ya nani, na kwa gharama ya nini?

Maana si kila kazi ni dhambi. Nimelelewa nikifagia na kuosha vyombo, na mwanangu naye atafagia. Mkataba Na. 138 wa ILO wa mwaka 1973 unaitambua tofauti hiyo: umri wa kuanza kazi usiwe chini ya ule wa kumaliza elimu ya lazima, na kwa vyovyote usiwe chini ya miaka 15. Nchi ambazo uchumi na shule zake bado ni dhaifu zimeruhusiwa kuanzia 14. Kazi nyepesi isiyoingilia masomo inakubalika kuanzia miaka 13, au 12 katika nchi hizo. Kazi ya hatari ni 18 kwenda juu.

Kwa kazi za ndani, watakwimu wameweka mstari wao: mtoto wa miaka 5 hadi 14 anayefanya kazi za nyumbani saa 21 au zaidi kwa wiki anahesabiwa kuwa anatumikishwa. Saa tatu kwa siku. Nilipiga hesabu ya yule binti kwa makadirio ya chini kabisa: anaamka kabla ya mvulana ili amwandae, na halali kabla vyombo vya usiku havijakauka. Saa zake 21 anazimaliza kabla ya Jumatano jua halijawa la utosi.

Kuna kitu kingine kwenye takwimu hizo ambacho hakijanitoka. Zikihesabiwa kazi za kiuchumi tu, wavulana ni wengi kuliko wasichana katika kila rika. Ziongeze kazi za ndani zinazofika saa 21, na mizani inageuka, wasichana wanakuwa wengi. Yaani walikuwepo tangu mwanzo. Ni sisi tulioamua kwamba wanachofanya hakina jina.

Milioni 138

Tumepiga hatua, tusijifanye hatujapiga. Mwaka 2000 watoto waliotumikishwa duniani walikadiriwa kuwa milioni 246. Mwaka 2020 walikuwa milioni 160. Mwaka 2024 wameshuka hadi karibu milioni 138, na kati yao milioni 54 wako kwenye kazi za hatari kwa afya na maisha yao. Mkataba Na. 182 wa mwaka 1999, unaopiga marufuku aina mbaya zaidi za kazi hizo, uliridhiwa na nchi zote 187 wanachama wa ILO mwezi Agosti 2020. Haikuwahi kutokea kwa mkataba mwingine wowote wa shirika hilo.

Lakini dunia ilikuwa imejiwekea lengo kwamba ikifika 2025 utumikishwaji wa watoto uwe umekwisha, wa kila aina.

Mwaka umepita. Watoto wako palepale.

Nilizitazama namba hizi kwa muda mrefu, na kusema kweli hazikunisaidia kumjua mtoto mmoja. Saini 187, na yule binti bado anaishia getini.

Simu ambayo sikuipiga

Nchi nyingi zina namba ya kupiga, ofisi ya ustawi wa jamii, mtu wa kupokea taarifa. Nilikuwa na namba hiyo. Nilikuwa hata nimeshaandaa maneno ya kuanza nayo. Kilichonizuia ni habari ya Bangladesh.

Mwaka 1992 seneta wa Marekani, Tom Harkin, aliwasilisha muswada wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto zisiingie nchini mwake. Muswada wenyewe haukupita. Haikuhitajika upite. Wenye viwanda vya nguo Bangladesh walipata hofu ya kupoteza soko, wakaanza kuwafukuza watoto, na waliofukuzwa walikadiriwa kufika 50,000. Mnunuzi wa shati upande wa pili wa dunia angeweza kulivaa kwa amani.

Halafu watu wakaenda kuwatafuta watoto wenyewe. UNICEF ilikuta wengi hawakuwa shuleni. Wengine walikuwa wanaponda kokoto, wengine wanachuuza barabarani, na wengine walikuwa wameingia kwenye kuuza miili yao. Kazi hizo zilikuwa mbaya na za hatari kuliko cherehani walizotolewa.

Nilisoma hapo nikaiweka simu chini.

Lakini ukiishia hapo utajikuta umepata kisingizio: aa, basi, waacheni tu. Kuna watu wameishia hapo kwa miaka thelathini. Kilichofuata ndicho cha maana. Mwezi Julai 1995 chama cha wenye viwanda vya nguo, ILO na UNICEF walitia saini makubaliano, safari hii kwa mpangilio uliogeuzwa: mtoto asitolewe kiwandani mpaka nafasi yake darasani iwepo, na akienda shule familia ipate posho ya kila mwezi ya kufidia sehemu ya kile alichokuwa analeta. Kazi yake apewe mtu mzima wa familia yake pale inapowezekana.

Posho ilikuwa ndogo kuliko mshahara, na si wote waliofikiwa. Hata hivyo mpangilio ule ulinifunza kitu ambacho hasira yangu ilikuwa imekiruka. Kumtoa mtoto kazini ni tendo moja. Kumfikisha darasani ni tendo jingine. Kati yao pana uwazi, na mtoto anaweza kutumbukia humo asionekane tena.

Mexico walikuja kuushughulikia uwazi huo kwa namna yao. Mwaka 1997 walianza mpango uliojulikana kama Progresa: fedha zilipewa akina mama wa familia maskini za vijijini, kwa sharti watoto wahudhurie shule. Kwenye sekondari, msichana alilipiwa zaidi kuliko mvulana. Zaidi! Mtu fulani ofisini aliketi akafikiri ni nani anayeachishwa wa kwanza, akaweka fedha hapo. Na wasichana ndio walioongezeka kwa wingi sekondari.

Ukisikia mtu anasema umaskini hauna dawa, mwulize kwanza kama fedha zimewahi kupelekwa kwa mama, mkononi.

Baba aliyekwenda mahakamani

Hata hivyo umaskini hauelezi kila kitu, na hapa ndipo nilipogeuka mara ya pili.

Mwaka 1916 Marekani ilipitisha sheria ya kubana bidhaa za viwanda vilivyotumia watoto wa chini ya miaka 14, au vilivyowafanyisha kazi wa miaka 14 na 15 zaidi ya saa nane kwa siku. Baba mmoja wa North Carolina, Roland Dagenhart, akaenda mahakamani kuipinga. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, Reuben na John, kwenye kiwanda cha pamba, na alidai haki yake kama baba ya kunufaika na kazi yao. Nyuma yake walisimama wenye viwanda. Mwaka 1918 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimpa ushindi, majaji watano dhidi ya wanne. Sheria ikafa, na ikachukua mpaka mwaka 1938 kupata nyingine iliyodumu.

Miaka michache baada ya hukumu, mwandishi wa habari alimtafuta Reuben. Alikuta kijana aliyekwisha kuoa, mwenye uzito usiofika kilo 50, bado anafanya kazi kiwandani. Reuben alimwambia kwamba angekuwa na hali bora kama wasingeshinda ile kesi, kwa sababu hakupata elimu.

Familia yake ndiyo iliyoshinda. Kesi ilikuwa kwa ajili yake.

Nimemfikiria sana yule baba. Nadhani aliwapenda wanawe. Nadhani pia aliwaona kama sehemu ya mwili wake, mikono ya ziada, na mikono ya mtu haiulizwi inataka nini. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 ulipoandika, kwenye ibara ya 32, kwamba mtoto alindwe dhidi ya kazi inayoingilia elimu yake, ulikuwa unasema kitu kigumu kwa wazazi wengi kukisikia hata leo: huyu ni mtu mwingine. Mkono huo si wako.

Na mimi, nikiwa darasa la kwanza, nilikuwa na mikono ya ziada.

Vyeti vya msalaba

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, nilipomsimulia alisema: "Mwombe huyo mama ampeleke hata nusu siku. Asubuhi shule, mchana kazi. Kila mtu anapata." Lilinikaa vizuri wazo hilo. Nilikuwa tayari kumpelekea mama yule kama suluhisho, mpaka nilipokumbuka kwamba limewahi kujaribiwa.

Uingereza, mwaka 1833, sheria ya viwanda vya nguo ilikataza watoto wa chini ya miaka 9, na wa miaka 9 hadi 13 ikawapa ukomo wa saa 48 kwa wiki, pamoja na saa mbili za masomo kila siku. Wakaguzi waliotumwa kusimamia nchi nzima walikuwa wanne. Waliripoti kukuta vyeti vya mahudhurio vilivyotiwa saini kwa alama ya msalaba, kwa sababu mwalimu mwenyewe hakujua kuandika jina lake. Mtoto alikuwa na cheti. Shule ilikuwepo. Elimu ndiyo haikuwepo.

Kwa namna moja au nyingine mfumo wa kugawa mtoto kati ya kiwanda na darasa uliendelea kule mpaka ulipofutwa kwa sheria ya elimu ya mwaka 1918.

Jambo hili si la makumbusho. Makadirio yale ya 2020 yanaonyesha kwamba kati ya watoto wanaotumikishwa, zaidi ya robo ya wenye miaka 5 hadi 11 na zaidi ya theluthi ya wenye miaka 12 hadi 14 hawako shuleni kabisa. Zigeuze hizo hesabu: walio wengi *wameandikishwa*. Majina yao yako kwenye rejista. Wanaketi dawati la nyuma wakiwa wameshachoka tangu alfajiri, wanasinzia kipindi cha hesabu, wanaitwa wazito, wanarudia darasa, na mwisho wanaacha wenyewe. Halafu tunasema shule ilimshinda.

Kwa hiyo nilipokwenda kuzungumza na mama yule mara ya pili sikwenda na nusu siku. Nilikwenda na swali moja: asubuhi mpaka jioni, nani mwingine anaweza kufanya kazi hii?

"Nitamlipa nani," akasema, "na mshahara wangu mwenyewe unauona?"

Hapo niliguswa pabaya, kwa kuwa ndiyo hesabu ya nyumba nyingi. Mtoto hachukuliwi kwa sababu watu wanachukia watoto. Anachukuliwa kwa sababu mtu mzima hudai mshahara, hudai likizo, na akionewa huondoka. Unapomnyima mtoto darasa unapata mfanyakazi asiye na pa kwenda.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tuhesabu pamoja. Tukatoa karatasi. Ilichukua jioni mbili, na haikuwa mazungumzo mazuri wakati wote. Jioni ya kwanza aliniuliza kama nilimfuata yeye peke yake au ninazunguka nyumba zote. Swali halali. Jioni ya pili tulifika mahali: mtu mzima wa kuja saa chache mara tatu kwa wiki, na mvulana wake apitie kwangu asubuhi aende na mwanangu. Begi atabeba mwenyewe.

"Nitakaa na wadogo?"

Kitu nilichokuwa sijafanya muda wote huo, na naona haya kukiandika, ni kumuuliza mhusika.

Nilitembea naye asubuhi moja akirudi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Uliishia darasa la ngapi?"

"La nne. Nilisoma muhula mmoja tu."

"Ungependa kurudi?"

Alikaa kimya hatua nyingi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo ya haraka, tabasamu, labda shukrani. Akauliza: "Nitakaa na wadogo?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi yetu. Miaka miwili nje ya shule ni mwili mrefu katikati ya watoto wa miaka tisa, ni kucheka-cheka kwa darasa zima unapokosea neno ambalo zamani ulilijua. Kuna watoto wengi hurudishwa shuleni kwa shangwe, wakaacha tena kwa aibu. Kuna njia ya kuliepuka hilo: madarasa ya kukimbiza, yanayompa aliyekosa miaka kadhaa masomo ya miaka hiyo kwa muda mfupi, kisha anaungana na rika lake. Si kila shule inayo. Tuliipata moja, si ile ya geti letu.

Mwalimu mkuu alitupokea vizuri. Akauliza cheti cha kuzaliwa.

Hakuna.

"Amezaliwa lini?"

Shangazi akawaza. "Mwaka wa yale mafuriko makubwa. Au uliofuata."

Duniani kuna watoto kama milioni 150 wa chini ya miaka mitano ambao kuzaliwa kwao hakujasajiliwa. Nilikuwa naiona hiyo kama takwimu ya ofisi nyingine, isiyohusiana na hii. Lakini sheria zote nilizotaja hapo juu, 9, 13, 14, 15, 18, zinasimama juu ya tarehe moja iliyoandikwa mahali. Lewis Hine, mpigapicha aliyeanza mwaka 1908 kuzunguka viwanda vya Marekani akiwapiga picha watoto kazini, alikuwa akipima vimo vyao kwa vifungo vya kizibao chake cha suti ili akadirie umri, maana wenye viwanda walidanganya na wakati mwingine watoto wenyewe hawakujua. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, tuliketi ofisini watu wazima watatu tukimtazama binti kwa macho yaleyale ya kupima kimo, naye akitazama sakafu.

Mwalimu akasema atamwekea nafasi mpaka mwisho wa muhula. Baba yake itabidi aanzishe usajili kule alikozaliwa.

Jumatatu

Jumatatu iliyopita mvulana alikuja kwangu asubuhi kama tulivyokubaliana, begi mgongoni mwake, limemwelemea upande mmoja.

"Dada yuko wapi?" nikamuuliza.

"Amerudi kwao. Kufuata karatasi."

"Atarudi lini?"

Akapandisha mabega.

Nimempigia mama yake mara mbili. Mara ya kwanza simu iliita mpaka ikakatika. Ya pili alipokea, akasema yuko kazini, atanipigia, na sauti yake haikuwa ile ya jioni ya pili. Inawezekana kweli ni karatasi. Inawezekana pia kwamba nyumba ile imechoka kuulizwa maswali, na njia rahisi ya kunyamazisha maswali ni kumwondoa mtoto machoni pa muulizaji. Nilisoma habari ya Bangladesh yote, nikadhani nimeielewa.

Tulitembea watatu mpaka getini, mimi na wale wawili. Mlinzi alitazama nyuma yetu, kana kwamba kuna mtu amebaki njiani.

"Mama," mwanangu akasema, "yule dada siku hizi anasoma wapi?"

Nikamwambia sijui.